Ukimpigia Mtu Windows Mpya, Kaa Naye

Shangazi yangu anaishi Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, na kwa miaka kadhaa sasa anatunza katika kompyuta mpakato yake hesabu za shamba la mikorosho la familia pamoja na daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, akafundishwa Excel na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, na tangu hapo kila gunia linalotoka shambani kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika huandikwa kwanza kwenye karatasi, kisha jioni huingizwa kwenye faili lake. Mwanzoni mwa Oktoba 2025, siku chache kabla ya Windows 10 kufikia mwisho wa kuhudumiwa, nilikwenda kwake Jumamosi mchana, nikaipandisha kompyuta yake kwenda Windows 11 bila kufuta kitu chochote, nikahakikisha inawaka vizuri, nikanywa chai, nikarudi mjini. Jumatatu asubuhi alinipigia simu. "Mwanangu, kazi zangu umezipeleka wapi?"

Sikuwa nimezipeleka popote. Faili zote zilikuwa palepale alipoziacha. Kilichoondoka ni njia yake ya kuzifikia: kwa miaka yote hiyo alikuwa akibofya kitufe cha Anza (Start) kwenye pembe ya kushoto chini ya skrini, kisha anabofya kigae cha Excel, yaani kisanduku cha kuifungulia, kilichokuwa kimekaa upande wa kulia wa menyu, na baada ya mimi kuondoka kitufe kilikuwa kimehamia katikati, na vigae havikuwepo tena, kwa sababu Windows 11 iliviondoa kabisa. Siku mbili nzima alikuwa ameiacha kompyuta imefunikwa kitambaa, akiogopa kwamba akiendelea kubofya ataharibu kilichobaki.

Tangu simu ile nimeamini jambo moja, nami nataka kulisema kwa uzito wote. Watu wa majumbani hawashindwi na mfumo mpya kwa sababu ya umri wala kwa kukosa elimu. Wanashindwa kwa sababu sisi tunaowawekea tunafanya nusu ya kazi, kisha tunaondoka tukidhani tumemaliza.

Huku kwetu kuweka Windows kwenye kompyuta tunasema "kupiga Windows", kama tunavyosema kupiga pasi au kupiga rangi, na nadhani neno hilo limetufundisha vibaya. Shati likishapigwa pasi, kazi imekwisha. Mwenye shati hana la kujifunza. Mtu hupeleka kompyuta yake kwa fundi asubuhi, huichukua jioni, hulipa, na mazungumzo pekee baina yao huwa ni kuhusu bei. Mara nyingi fundi hata haulizi ndani ya mashine kuna nini kabla ya kuifuta, na nimewaona watu waliopoteza picha za harusi na vyeti vilivyoskaniwa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba diski ingesafishwa. Hilo ni kosa kubwa, na halina udhuru. Lakini hata fundi mwaminifu anayehifadhi kila faili humrudishia mteja chombo ambacho mikono ya mteja haikijui.

Mikono ndiyo yenye habari. Mama aliyezoea jiko lake hutia chumvi kwenye mchuzi umeme ukiwa umekatika, kwa sababu mkono wake unajua kopo liko wapi. Ukiingia jikoni mwake akiwa sokoni, ukapanga upya makopo yote, huwezi kusema kwamba hukumwibia chochote na kwa hiyo hana sababu ya kulalamika. Umechukua urahisi wake, na urahisi ule aliujenga kwa miaka. Mtu wa nyumbani anayetumia kompyuta saa moja au mbili kwa wiki ameujenga polepole zaidi kuliko karani anayeikalia kutwa, na ndiyo maana mabadiliko yanayomchukua karani siku moja humchukua yeye mwezi mzima.

Wala si wazee wa Mikindani peke yao wanaopata tabu hii. Kitufe cha Anza kiliingia na Windows 95 mwezi Agosti 1995, kikakaa kwenye pembe ileile kwa miaka 17, hadi Microsoft ilipokiondoa katika Windows 8 mwezi Oktoba 2012. Watumiaji wa nchi zilizoendelea, wenye kompyuta ofisini, nyumbani na shuleni, walilalamika kwa sauti kubwa, na mwaka uliofuata, katika Windows 8.1, kitufe kikarudi. Vivyo hivyo, Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, maneno ya kukata, kunakili na kubandika katika menyu ya kubofya kulia yaligeuzwa kuwa vipicha vidogo visivyo na maandishi. Toleo lake la 24H2 lililotoka mwaka 2024 likaongeza maandishi chini ya vipicha hivyo. Kama watengenezaji wenyewe walilazimika kurekebisha, basi ni dhuluma kumwambia mama wa miaka 68 kwamba tatizo ni uzito wake wa kuelewa.

Kwa hiyo nilirudi Mikindani, safari hii kwa siku nzima, na nilianza na yale ambayo hayakuhama. Hapa ndipo penye faida kubwa, na sijui kwa nini tunaanza siku zote na mambo mapya. Vibonye vya Ctrl na C bado vinanakili, Ctrl na V bado vinabandika, na Ctrl na Z bado vinafuta kosa la mwisho, kama vilivyofanya katika Windows XP, katika Windows 7 na katika Windows 10. Kibonye chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na E bado hufungua mahali pa faili, popote kitufe cha Anza kilipo. Shangazi alipobonyeza hivyo viwili na kuona folda yake ya "Korosho" imetokea, alishusha pumzi nikaisikia. Baada ya hapo niliingia kwenye mipangilio ya ule mstari wa chini, nikarudisha alama zote kushoto kama zilivyokuwa, nikabandika Excel kwenye mstari wenyewe ili isihitaji kutafutwa, na nikamwacha yeye mwenyewe afungue, aandike, ahifadhi na afunge mara tano huku mimi nimekaa na mikono mapajani. Kumwonyesha mtu kwa kumpokonya kipanya si kumfundisha. Anaona tu kasi yako.

Liko suala la lugha, ambalo nalipenda sana na kwa hiyo nataka kuwa mwangalifu nalo. Matoleo ya awali ya Windows, kama Windows 10, yaliweza kuwekewa menyu za Kiswahili. Wataalamu wetu walishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Natamani kila mtoto wa Newala na Tandahimba aanze na skrini inayosema naye kwa lugha anayoiota. Hata hivyo, kwa mtu aliyeyazoea maneno ya Kiingereza kama picha, asiyesoma "Save" bali anayetambua umbo lake, kubadilisha lugha siku ileile unayobadilisha mfumo ni kumtwisha mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Nilichofanya ni kumwandikia karatasi moja ya Kiswahili kwa kalamu, kila neno la kwenye skrini na maana yake, naye akaibandika ukutani. Kiswahili cha kwenye skrini, kikipatikana, tutakijaribu baada ya msimu wa korosho, kama atapenda.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi tusiwaache na walichozoea. Naelewa swali hilo, na jibu langu ni flashi. Katika mji wetu, hati husafiri kwa flashi kutoka nyumbani hadi duka la kuchapisha na kurudi, na ni watu wachache ambao hawajawahi kukuta folda zao zimegeuka njia za mkato (shortcut) kwa sababu ya virusi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haikuzimika, kama wengine walivyohofu. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza inayofika Oktoba 13, 2026. Mashine isiyosasishwa huendelea kuwaka huku matundu yake yakizidi kujulikana. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake mwezi Machi, na vilizipata kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa dawa hiyo. Kwa hiyo kuhama ni lazima, na kwa sababu ni lazima, namna ya kuhama inastahili adabu.

Kuhusu umeme na bando nitasema machache. Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti ya uhakika, ulibebe kwenye flashi, usimmalizie mtu bando lake la mwezi. Ukishafika, iambie kompyuta kwamba intaneti yake ni ya kupimwa (metered), ili isipakue masasisho makubwa kwa siri kupitia simu yake. Na kama betri imekufa, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za mitumba, usianze kazi hiyo bila umeme wa akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kupandisha mfumo, mashine inaweza isiwake tena.

Kinachonikabili sasa ni kompyuta ya mjomba wangu, Mtanda, Lindi. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Zipo njia za kulazimisha, lakini sitazitumia kwenye mashine ya mtu nisiyeweza kumfikia kila siku. Ninafikiria Linux Mint, mfumo mwingine wa kuwekwa badala ya Windows, ambao hauna gharama na menyu yake iko kushoto chini, pale mkono wake ulipozoea, na LibreOffice, programu za ofisi za bure, itamfungulia faili zake za Word na Excel, ingawa mpangilio wa baadhi ya hati utasogea kidogo na lazima nimweleze hilo mapema. Nimemwomba aniandikie kwenye karatasi kila jambo analolifanya kwenye kompyuta hiyo kwa wiki nzima, hata yale anayoyaona madogo. Ameniandikia mambo saba. La mwisho ni kusikiliza visomo vya Qur'ani alivyonakiliwa na mwanawe, usiku kabla ya kulala, na hajui vimekaa folda gani; anajua tu pa kubofya.

Nitakwenda Ijumaa, baada ya kuhifadhi nakala ya kila kitu nitaanza na hilo la saba, na sitapanda basi la kurudi Mtwara hadi Jumapili jioni.