Asiyekuwepo Anyooshe Mkono

Wiki iliyopita nilikaa saa nzima nikimsikiliza kijana mmoja wa mauzo, suti imemkaa vizuri, akitueleza kwamba kuunganisha programu ya biashara na ghala la data (hifadhidata ya pembeni inayokusanya taarifa kwa ajili ya ripoti) ni kazi ya dakika tano. "Unachagua unakotoa, unachagua unakopeleka, unabonyeza. Basi." Bosi wangu akanigeukia na lile jicho lake: na wewe ulikuwa unafanya nini miezi minne?

Sikujibu pale, kulikuwa na wageni. Najibu hapa.

Dakika tano zinatosha data kuanza kutiririka, sibishi. Hata mimi nilifika hapo siku ya kwanza. Nilipiga picha ya skrini, nikaitupia kwenye grupu la ofisi, watu wakamwaga makofi. Muda wote uliobaki nilikuwa natafuta kwa nini kinachofika sicho kilichoondoka.

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla: mabati, nondo, saruji. Programu ya mauzo inakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ghala la data liko BigQuery, huduma ya Google ya mtandaoni, na katikati kuna skripti yangu, programu ndogo niliyoiandika, inayoamka kila saa kwenda kubeba mzigo. Jumatatu moja, kikao cha asubuhi, dashibodi, ile skrini ya takwimu inayosoma ghalani, ikaonyesha mwezi mzuri ajabu. Meneja mauzo anatabasamu, kamisheni inasomeka usoni kabisa. Mama Mhasibu hakuinua kichwa. Alifungua kaunta buku lake, lile la jalada jeusi lililobandikwa selotepu mgongoni, akashuka na kidole mpaka kwenye mstari alioutaka.

"Mwanangu, hii oda ya Chalinze, mabati 640 geji 30, umeitoa wapi?"

"Kwenye mfumo, mama. Inasoma moja kwa moja."

"Mfumo upi? Hiyo niliifuta kwa mkono wangu huu. Mteja alitaka geji 28, tukaandika upya."

Nikafungua mfumo mbele ya watu: oda moja, geji 28. Nikafungua ghala: oda mbili. Mteja wetu wa Chalinze, kwa mujibu wa dashibodi yangu ya kisasa, alikuwa ameezeka paa moja mara mbili. Meneja mauzo akaacha kutabasamu, na hajanisamehe mpaka leo.

Tatizo lenyewe ukilisikia utacheka. Skripti yangu, kama viunganishi vingi vya kununua (kama anachouza yule kijana) vikiwekwa kwa njia ya mkato, ilikuwa inauliza swali moja tu: nipe mistari yote iliyobadilika tangu nilipokuja mara ya mwisho. Mipya inakuja. Iliyorekebishwa inakuja. Iliyofutwa je? Hiyo haina tarehe ya kubadilika kwa sababu haina chochote, haipo. Ni sawa na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akasema: asiyekuwepo anyooshe mkono. Haoni mkono, anaandika wote wapo, anakwenda zake kunywa chai.

Na ghala halisahau. Kila profoma iliyokosewa, kila oda iliyopunguzwa mistari kwa sababu mteja kaishiwa hela akiwa mbele ya kaunta, vyote vinaendelea kuishi humo na afya njema. Nilipokuja kulinganisha pande mbili nikakuta mistari 1,912 isiyo na mwenyewe. Elfu moja mia tisa na kumi na mbili! Na bosi alishaagiza nondo kwa kufuata takwimu hizo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila programu ina namna yake ya kuua. Salesforce, programu ya kutunza wateja na mauzo, kwa mfano, ukifuta rekodi inawekewa alama na kukaa kwenye pipa la taka siku 15. Ukiuliza kwa njia ya kawaida huioni, lakini ukiomba na waliofutwa unapewa. Odoo, programu ya kuendesha biashara, ukifuta, mstari unaondoka kwenye jedwali. Lakini Odoo hiyohiyo ina kuweka kando: mteja yupo, ila utafutaji wa kawaida unamficha, hata ukipitia API (mlango ambao programu moja huomba data kwa nyingine), mpaka useme waziwazi kwamba na waliowekwa kando unawataka. Kwa hiyo mteja uliyeacha kufanya naye kazi tangu mwaka juzi, ghala bado linamhesabu kati ya wateja hai. Nani anajua wafanyakazi wako wanabonyeza kitufe kipi kati ya hivyo? Si kijana wa suti. Ni Mama Mhasibu na keshia wa dirishani, na hao hakuna aliyewaita kwenye kikao cha kununua kiunganishi.

Suala la saa nalipita haraka kwa sababu ni aibu yangu binafsi. Hifadhidata inaandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele saa tatu, na malori ya mikoani tunayapakia usiku. Lori lililotoka saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 likaandikwa kwenye ghala la data saa tano usiku, siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Wiki nzima nagombana na stoo, kumbe kosa ni langu.

Sasa, kwa shingo upande, nikubali jambo. Viunganishi vya kununua vina kazi yake. API ikibadilika usiku wa manane, afadhali aamke mtu mwingine anayelipwa kwa hilo. Na vile vinavyosoma kumbukumbu za hifadhidata yenyewe, daftari lake la kila badiliko, ambako hata kufuta kunaandikwa, hupata na vilivyofutwa. Lakini hapo nako usilale: kwenye PostgreSQL msomaji wa kumbukumbu hizo akikatika bila wewe kujua, seva inaendelea kumtunzia mafaili mpaka diski ijae, na duka lisimame. Tangu toleo la 13 unaweza kumwekea kikomo. Kikomo hakijiweki chenyewe, ndugu zangu.

Mimi nimefanya kishamba. Majedwali madogo (bidhaa, wateja, matawi) nayabeba yote kila usiku, sihangaiki na kilichobadilika. Mistari elfu arobaini si mzigo, na anayekuambia ni mzigo ana kitu anakuuzia. Majedwali makubwa naendelea kuchukua mabadiliko tu, lakini saa tisa usiku skripti ya pili inachukua namba za utambulisho peke yake, bila kitu kingine, inazilinganisha na zile za ghalani. Isiyoonekana upande wa pili siifuti. Naiandikia tarehe iliyogundulika kuwa imefutwa, na dashibodi inairuka.

Ila taarifa za watu ni habari nyingine, na hapa sitanii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ya hapa Tanzania, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Mteja anakuja dirishani, anaomba namba yake ya simu iondolewe, keshia anaifuta, anamwambia "tayari, kaka". Tayari wapi? Namba iko ghalani, kwenye seva iliyo nje ya nchi, na kesho meneja mauzo anaivuta kwa ajili ya meseji za promosheni. Keshia hakudanganya, yeye alifuta anachokiona. Aliyemfanya mwongo ni mimi niliyejenga bomba linalojua kuleta tu. Jedwali hilo la wateja nalisafisha kweli, ikiwemo historia yake, na ndilo lililonila wiki nyingi kuliko yote.

Kijana akirudi na mkataba wake nina swali moja kwake, na nitamwuliza mbele ya bosi: nikifuta oda hapa, kwako inakuwaje? Nimeshawauliza wauzaji wawili. Mmoja alisema atanitumia baruapepe.

Siku hizi orodha ya vilivyofutwa inachapishwa kila asubuhi, na Mama Mhasibu anaipitia na kalamu nyekundu kabla hajagusa chai. Alhamisi ilikuwa na mistari mitatu. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akatia vema wa kwanza, akatia wa pili. Wa tatu akasita. Saruji mifuko 200, imefutwa saa mbili kasoro usiku, duka limeshafungwa.

"Hii si yangu," akasema, akavua miwani, akachukua simu kupiga stoo.