Sorry yao, pole yetu

Mwaka wangu wa kwanza hapa Leeds, Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwenzangu alijimwagia chai ya moto mkononi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, wala sikumgusa, lakini mdomo ulishafunguka wenyewe: "Sorry! Sorry!" Akanitazama huku akipuliza vidole. "Kwani wewe umefanya nini?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nampa pole, basi.

Neno hilo halikuniacha hadi nikalitafutia asili. Kwenye Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa sārig, yaani mwenye maumivu. Limetokana na sār, maumivu, ambalo Waingereza wa leo wanalitamka sore mtu akiumwa koo. Wengi hudhani sorry limezaliwa na sorrow, huzuni. Yamefanana sura tu, mizizi yake ni mbalimbali. Kwa hiyo aliyelitamka zamani alikuwa anasema ameumia, na kosa halikuwamo. Lilikuwa jirani kabisa na pole yetu.

Maana hiyo leo unaikuta zaidi msibani. Ukifiwa, Mwingereza atakwambia sorry kwa moyo wote na hakuna atakayemuuliza kama ameua. Lakini likitamkwa kwenye ajali au uzembe linanuka hatia, hadi Bunge lao likaandika kwenye Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, kifungu cha 2, kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Neno la maumivu limefika mahali linahitaji kulindwa na sheria! Nasikitika kwa ajili yao.

Pole haina woga huo. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua hili, poleni na msiba. Unayempa anajibu, "Nimeshapoa," na hapo unausikia undugu wa pole na kupoa. Aliyeungua amepozwa, yamekwisha.

Ila ndugu zangu wa nyumbani msininunie kwa hili. Nilipokwenda likizo Tanga, fundi alinichomea gauni kwa pasi siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu. Tundu la ukubwa wa kiganja, kifuani. Akalikunjua mbele yangu, akasema, "Pole sana, dada." Pole! Kana kwamba pasi ilijishika yenyewe. Sikutaka kupozwa, nilitaka aseme nisamehe, nimekosa. Hapo Waingereza wametuzidi mbali. Mtu akikupiga kikumbo dukani atasema sorry kabla hujageuka, na nimemsikia meneja wetu akimwambia mfagiaji vilevile, mbele ya watu. Sisi tuna samahani, tuna niwie radhi, maneno matamu kabisa, lakini mkubwa kumwambia mdogo tunaona kama kuvuliwa nguo hadharani. Mwalimu kwa mwanafunzi, mama mkwe kwa mkwe, daktari kwa mgonjwa: wangapi mmewasikia?

Binti yangu amezaliwa huku, ana miaka 6, na nimemfundisha yote mawili. Juzi nilijikwaa sebuleni nikaumia kidole gumba cha mguu. Akaja mbio, akakishika kwa viganja viwili. "Pole, mama." Kisha akaliona begi lake la shule lililonikwaza, limelala palepale alipolitupa. Akaliokota, akaniangalia usoni.

"Na samahani."