Majaji wa kupigiwa kura? Tusisahau West Virginia

Kuna makala niliyosoma inayosifu majimbo ya Marekani ambako wananchi huchagua majaji wenyewe. Sawa, ila West Virginia imerukwa. Mwaka 2004 bosi wa makaa ya mawe, Don Blankenship, alimwaga takriban dola milioni 3 ili Brent Benjamin aingie Mahakama ya Juu ya jimbo, huku kampuni yake, iliyoamriwa kulipa fidia ya dola milioni 50, ikielekea kukata rufaa hapo hapo. Jaji Benjamin akagoma kujitoa kwenye kesi hiyo, kampuni ikashinda kwa kura 3-2 za majaji! Mpaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, alipaswa kujitoa.

Bora Missouri: tangu 1940 tume hupendekeza majina matatu, gavana huteua mmoja, baadaye wananchi humpigia kura abaki au aondoke. Mawakili nao wana sauti kubwa mno kwenye tume hiyo, hilo ndilo la kurekebisha.