Mtoto Hakuingia Nyumba ya Mizimu

Katika michoro ya Mathias Kauage, watu wanaopanda helikopta wamevaa vilemba vya manyoya. Nyuso zao zimepakwa rangi za ngomani, na chombo chenyewe kimejazwa mistari na madoa hadi kinafanana zaidi na ndege aliyepambwa. Kauage alizaliwa kwenye mwaka 1944 hivi huko Chimbu, nyanda za juu za Papua New Guinea, akateremka mji mkuu, Port Moresby, kufanya vibarua, na mpaka anafariki mwaka 2003 alikuwa akiuchora mji kwa macho ya mtoto wa milimani.

Wauzaji huiita kazi ya namna hii "sanaa ya asili ya Melanesia", yaani ya visiwa vya kusini-magharibi mwa Pasifiki, iwe ya Kauage, ya mchoraji mwenzake Timothy Akis, au ya wengi waliowafuata huko na katika visiwa jirani vya Vanuatu na Kaledonia Mpya. Jina hilo ndilo linaloleta ugomvi. Wapo wanaosema hakuna asili hapo: ni kumbukumbu za utotoni za watu walioondoka kijijini kabla ya kufundwa, zikapakwa rangi ya dukani ili kumridhisha mgeni. Wengine wanajibu kwamba kukumbuka nako ni kurithi. Naona wakosoaji wana hoja nzito kuliko watetezi wanavyokubali, lakini wamekosea mahali pamoja, na hapo ndipo uzito wote ulipo.

Hoja yao kubwa ni miliki. Huko Melanesia nakshi haiokotwi njiani. Kisiwani New Ireland, Papua New Guinea, kuna sanamu za malangan, zinazochongwa kwa ajili ya kuhitimisha matanga. Haki ya kuchonga umbo fulani hutolewa kwa malipo, tena hadharani, watu wakishuhudia. Shughuli ikiisha, sanamu huachwa ioze au huchomwa moto, na kinachobaki ni haki pamoja na umbo lililohifadhiwa vichwani. Kisiwani Ambrym, Vanuatu, ngoma kubwa za gogo zinazosimamishwa uwanjani hufuata cheo, na cheo hulipiwa kwa nguruwe. Wakwoma wa Sepik, bonde la mto kaskazini mwa Papua New Guinea, hupaka rangi magamba ya mti wa sago na kuyapanga kwenye dari ya nyumba ya ibada, na kila ukoo una mimea na wanyama wake wa kuchora. Sasa kijana aliyekua akiyaona yote haya anahamia mjini, ananunua akriliki, anachora umbo la ukoo wa jirani na kumwuzia mtalii. Je, kuliona tu kunampa haki? Kwa sheria ya pale pale kijijini, hapana. Wazee wanapolalamika wasidhaniwe wana wivu na vijana waliopata fedha. Wanadai mali.

Hoja ya pili inahusu mkono wa mgeni. Ulli Beier, msomi mzaliwa wa Ujerumani, na mkewe Georgina, msanii, walifika Port Moresby mwaka 1967, baada ya miaka ya kazi na wasanii wa Osogbo, Nigeria. Akis, mtu wa kijiji cha Tsembaga katika milima ya Simbai, alikuja mjini kama mkalimani wa mwanaanthropolojia. Georgina akampa karatasi na kalamu, wakafanya kazi pamoja kwa wiki zipatazo sita, na mwaka 1969 michoro yake ikatundikwa chuo kikuu. Kauage aliyaona maonyesho hayo, naye akaanza. Mkosoaji anauliza: kama mgeni ndiye aliyeleta karatasi, ndiye aliyeteua na ndiye aliyemtafuta mnunuzi, kumbukumbu hii ni ya nani? Swali ni halali. Mwalimu asiposema neno, kule kufurahia kwake mchoro wa kasuari, yule ndege mkubwa asiyeruka, kuliko mchoro wa lori tayari ni maelekezo. Ila tusisahau kwamba Kauage huyo huyo alichora sana magari, ndege na helikopta. Kama palikuwa na shinikizo la kuchora kijiji kisafi kisichoguswa, basi lilimpita.

Tena nyanda za juu hazikuwa na desturi ya kuchora picha kwenye kitu cha kutundikwa. Ubao wao ulikuwa mwili: mafuta, masizi, udongo mwekundu, chokaa, manyoya ya ndege wa peponi, magamba ya kombe. Kwa Kitok Pisin, lugha ya mawasiliano ya nchi hiyo, mapambo hayo huitwa bilas, na ngoma yenyewe singsing. Kwa hiyo Akis na Kauage hawakunakili picha za babu zao, maana hazikuwepo za kunakiliwa. Walihamisha mistari kutoka kwenye ngozi ya binadamu kwenda kwenye karatasi, na safari hiyo hakuna aliyekuwa ameifanya kabla yao kwa namna ile. Anayeidharau kwamba si ya asili anadai waige kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Kuhusu utamu wa kumbukumbu sina haja ya kusema mengi. Ni kweli mtu mzima huukumbuka utoto wake bila njaa na bila vita vya koo. Wachoraji wote hufanya hivyo, wa Melanesia hawajazidi.

Sasa nifike mahali pa kosa. Wakosoaji hulirudia sana jambo hili: huyu aliondoka mdogo, shule ikamchukua, hakupitishwa kwenye jando la kwao, kwa hiyo alichora asichokijua. Wanadhani aliyebaki nje amekosa kila kitu. Lakini hebu tufikirie mtoto wa Sepik alikuwa wapi hasa siku ya ibada. Nyumba ya mizimu, haus tambaran, ilikuwa ya wanaume waliofundwa. Filimbi zilipolia ndani, wanawake na watoto walizisikia wakiwa nje, wakiambiwa ni sauti za mizimu, na kuziona kulikuwa mwiko. Nenda mpaka kwa Watolai wa New Britain Mashariki, alfajiri ya kinavai, sherehe ya vinyago kuwasili kutoka baharini. Ngoma za kundu zinalia baharini gizani, mitumbwi inakaribia, juu yake vinyago vya tubuan na dukduk, koni ndefu juu ya kiwiliwili cha majani, vinacheza huku vikielekea ufukweni. Watu wamejaa pwani wakingoja.

Mandhari yote hiyo imepangwa kwa ajili ya nani? Walio ndani ya siri wanajua nani yumo kwenye majani. Anayeshtuka ni yule asiyejua. Hofu ya mtoto ufukweni ni sehemu ya ibada, kama ngoma na mitumbwi, na bila yeye kinyago ni majani matupu. Wamakonde hawahitaji kuelezwa hili: lipiko, yule mcheza ngoma mwenye kinyago, bila wanawake na watoto wa kukimbia huku wakicheka ni mtu aliyevaa mti kichwani.

Ukilikubali hilo, kumbukumbu ya mtoto inapanda cheo. Kwa zaidi ya miaka mia moja watafiti waliokwenda kule, wengi wao wanaume, walihangaika waingie ndani. Waliandika majina ya filimbi, ngazi za vyeo, maneno ya siri. Nusu ya nje, yaani ukubwa wa kinyago kwa mtu mwenye urefu wa mita moja, rangi zinazochomoza moshini, mguu wa mama alioung'ang'ania, haikupata mwandishi. Mchoraji aliyeondoka kabla ya kufundwa ndiye shahidi wake. Akikipa kinyago macho makubwa kupita kiasi, hajakosea vipimo, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa pale aliposimama.

Na kuna tokeo jingine ambalo wakosoaji hawalitazami. Wanaogopa siri kuanikwa sokoni. Lakini mtoto hawezi kuuza siri ambayo hakupewa! Aliyekuwa nje anachora kilichoonyeshwa nje. Kwa kipimo hicho, hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyefundwa anayechora kwa ufasaha kuliko kwa aliyeondoka mapema. Sidai kwamba hili linafuta hoja ya miliki, kwa sababu hata sura ya nje ya tubuan ina wenyewe. Linafuta tu dhana kwamba asiyefundwa ana haki ndogo kuliko wote.

Mwaka 2013 Spika wa Bunge la Papua New Guinea, Theodore Zurenuoc, aliamuru vichwa 19 vya mbao viondolewe kwenye boriti ya jengo la Bunge huko Port Moresby. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1984, na sura yake ya mbele imechukuliwa kwenye nyumba za mizimu za Maprik, huko Sepik. Yeye na waliomuunga mkono waliviona vichwa hivyo kuwa ni masanamu yasiyofaa katika nchi ya Kikristo. Kelele zilikuwa kubwa, kesi ikafunguliwa. Ninachokitazama mimi ni kichekesho kilichomo. Msomi anasema sanaa ya mjini ni mwangwi usio na nguvu ya asili. Spika anaiona ina nguvu kiasi cha kuitia msumeno. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi, na kwa hili nadhani Spika, pamoja na ubaya wa uamuzi wake, aliisoma sanaa ile vizuri zaidi.

Kinachonisumbua kweli ni mnunuzi. Huko Lubumbashi, miaka ya 1970, wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walitengeneza picha ambazo kwa Kiswahili cha Katanga ziliitwa ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida. Mgeni alikuja, akatazama, maneno yakaanza: hapo ndipo walipompiga babu, wakati ule tulikuwa migodini. Picha ilikamilishwa na midomo ya walioiona habari yenyewe. Kauage aliuza kazi zake nje ya hoteli za Port Moresby, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Picha ikaenda kuning'inia Sydney au London, mahali ambapo hakuna mtu wa kusema "hiyo ni ngoma ya kwetu". Ukumbusho usio na wa kukumbushana naye umebaki pambo. Hapa wakosoaji wananiweza, ingawa wao hulaumu brashi na mimi nalaumu soko.

Walau lile jina libadilike. Papua New Guinea peke yake ina lugha zaidi ya 800. Kuandika "asili ya Melanesia" chini ya kumbukumbu ya mtu mmoja wa Tsembaga ni kumnyang'anya kijiji. Iandikwe: Timothy Akis, kijiji chake, alichokiona.

Waömie, jamii ndogo ya Papua New Guinea inayoishi karibu na Mlima Lamington, wana mfano unaonifanya nisite kutoa hukumu ya mwisho. Mlima huo ulilipuka mwaka 1951 na kuua watu wapatao 3,000. Kwa simulizi yao wenyewe, wazee waliona mababu wamekasirika kwa mila zilizoachwa baada ya kuja wamisionari. Chale zilikuwa zimeanza kutoweka kwenye miili, basi wanawake wakazichora upya kwenye nguo za magome ya mti, zikiwemo zile zilizokuwa zikizunguka kitovu. Wengi wa waliokuja kuwa wachoraji wakuu wa nguo hizo walikuwa wasichana au watoto wakati huo. Tangu miaka ya 2000 nguo hizo zinaonyeshwa na kuuzwa Australia, na ruhusa ya kila nakshi bado hufuata ukoo na ukuu wa mchoraji. Kwa hiyo kumbe inawezekana mtu akachora kwa kumbukumbu ya mtoto huku bado anaomba idhini ya bibi.