Wazee wa 2060 wako mashambani Tabora leo

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora. Sensa ya 2012 ilikuwa imekuta 2,291,623. Mkoa mmoja umeongeza watu milioni moja na laki moja ndani ya miaka kumi, na kasi hiyo isipopungua, mtoto aliyezaliwa mwaka huu atafika miaka ishirini watu wakiwa wameshakuwa mara mbili. Taifa zima limefika 61,741,120, kutoka milioni 12.3 za mwaka 1967. Mbele ya takwimu hizi, anayetaja uzee huonekana amepotea njia. Uzee tumewaachia Wajapani, ambao karibu watatu kati ya kila kumi wamevuka miaka 65.

Wanaofurahia ongezeko wana hoja nzito. Kaliua na Sikonge bado kuna ardhi, tumbaku inataka mikono mingi kuanzia kitaluni hadi banini inapokaushwa, na soko la watu wengi ni soko. Wanatukumbusha pia kwamba watu wa China wameanza kupungua tangu 2022, na kwamba Korea Kusini wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulishuka hadi 0.72 mwaka 2023. Hayati Rais Magufuli alikuwa upande huu waziwazi, akiwahimiza wananchi wazae bila hofu.

Wanaohofia nao hawatungi. Tumbaku hiyohiyo hukaushwa kwa kuni za miombo, miti ya misitu yetu ya asili, na miombo haioti kwa kasi ya watu. Kigoma ilibidi uvuvi katika Ziwa Tanganyika usimamishwe kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Vijiji vinavyozunguka Gombe vilishaliona jambo hili zamani: vilima vilipobaki vipara, mradi wa TACARE ulioanza 1994 ulikwenda na miche ya miti na baadaye uzazi wa mpango, kwa sababu udongo na ukubwa wa familia vilikuwa suala moja.

Lakini tazama Kigoma vizuri. Kati ya sensa hizo mbili ilitoka watu 2,127,930 hadi 2,470,967, ongezeko la takriban asilimia 1.5 tu kwa mwaka. Familia za Kasulu na Kibondo si ndogo. Vijana wanaondoka, kama babu zao walivyoondoka kwenda kuwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Tanga. Tabora kwa upande wake hupokea wafugaji na wakulima kutoka kwingine. Kwa hiyo mkoa unaweza kuwa na watoto tele na bado mzee akabaki peke yake, mwanawe yuko Dar es Salaam, wajukuu wameachwa mikononi mwake.

Hapa ndipo pande zote mbili zinaponikera, maana zinabishana juu ya tumbo la mama na kumsahau bibi. Wazee wa miaka 60 na zaidi hawafiki asilimia 6 ya Watanzania, ni kweli. Kwa vichwa, hata hivyo, ni takriban milioni 3.5, zaidi ya watu wote wa Tabora. Na wazee wa mwaka 2060 wameshazaliwa zamani, ndio hawa vijana wanaopalilia leo.

Mstaafu wa serikali ana mfuko wa pensheni wa PSSSF, aliyeajiriwa kampuni binafsi ana ule wa NSSF. Mkulima wa Urambo na mvuvi wa Ujiji pensheni yao ni watoto. Utafiti wa afya na uzazi wa 2022 ulikuta mwanamke wa kijijini ana wastani wa watoto 5.5, wa mjini 3.6. Sababu ni nyingi, elimu ya wasichana ikiwa mojawapo, lakini huwezi kumwambia mtu apunguze akiba yake ya uzeeni bila kumwonyesha akiba nyingine. Na uzee usio na ulinzi kanda hii ya magharibi na jirani zake una hatari ambayo hatupendi kuitaja: vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu ya moshi wa miaka mingi jikoni yakafanywa ushahidi.

Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, tuna msamaha wa matibabu, tuna sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Pensheni kwa kila mzee hatuna.

Pingamizi ni gharama, na si pingamizi dogo: zaidi ya Watanzania wanne kati ya kila kumi hawajafika miaka 15, na wote wanataka madarasa. Ila fedha inayoingia mkononi mwa bibi anayelea wajukuu Buhigwe hutoka ikiwa daftari na sare. Tena mpango huu ni rahisi kuuanzisha sasa, wazee wakiwa wachache, kuliko watakapokuwa mara mbili au tatu ya walivyo. Tungeanza na waliovuka miaka 75 Kigoma na Tabora, kisha umri ushushwe kadiri makusanyo ya kodi yanavyoruhusu.