Tamthilia inayorudia inamsubiri aliyekuwa msibani

Mama mdogo wangu anaishi Tukuyu, na Tukuyu mwezi wa nne mvua haiombi ruhusa. Ikishika alasiri, dishi linapoteza mawimbi, na baadaye umeme nao unakatika. Mwaka huu juu ya mvua ukaja msiba wa jirani. Siku nne alikuwa huko, mchana kwenye masufuria, usiku analala chini na wafiwa, hajaona hata dakika moja ya tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Siku ya tano nilikuwa nimeshuka kumsalimia. Tulipokaa mbele ya televisheni nikaanza kumweleza yaliyompita. Akanikatiza: "Nyamaza, mwanangu. Watasema wenyewe."

Wakasema. Dada wa kazi alimsimulia mpishi. Mpishi akapeleka kwa bibi mwenye nyumba. Bibi akampigia simu mwanawe. Robo saa haijaisha, mama mdogo alishajua barua imeibwa, ameiba nani, na nani bado hajui.

Vijana wengi ninaozungumza nao hapa Mbeya mjini wanazisema vibaya tamthilia za namna hii. Zinajivuta, wanasema. Jambo moja linazungumzwa wiki nzima. Mimi naona kule kurudia ndiko ustaarabu wake. Ni namna ya kumwekea chakula mtu ambaye hajarudi.

Desturi hiyo haikuzuka hewani. Tamthilia za kila siku zilizaliwa kwenye redio za Marekani miaka ya 1930, zikilipiwa na kampuni za sabuni zilizotaka kumfikia mama wa nyumbani, na hadi leo Waingereza na Wamarekani wanaziita kwa jina la sabuni. Yule mama alikuwa anafua, anapika, anamkimbilia mtoto anayelia. Sikio lilikuwa linakuja na kuondoka. Ndiyo maana wahusika waliitana majina kila mara, na jambo la Ijumaa likasemwa tena Jumatatu kwa mdomo mwingine. Guiding Light, iliyobuniwa na Irna Phillips, ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, ikaisha mwaka 2009. Miaka 72. Hakuna mtu aliyeweza kuisikiliza yote bila kukosa, na haikumtaka mtu afanye hivyo.

Kwetu njia ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Humo alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani. Kwa watu wa Uyole na Tunduma, waliozoea kuona malori yamelala barabarani, Mkwaju hakuhitaji kutambulishwa. Habari za mtu kama huyo huzunguka kutoka kinywa hadi kinywa, na kila anayezipokea huzipokea kivyake: mke haumii kama wanavyoumia majirani. Na magazetini, nani hakumbuki hadithi zilizofunguliwa kwa "Ilipoishia" halafu "Sasa endelea"? Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita hakufungiwa mlango.

Hapo ndipo wanaolalamika wanapopitwa na kitu. Katika tamthilia ndefu, tukio lenyewe ni dogo. Barua kuibwa ni sekunde tano. Uzito wote uko katika safari ya habari: leo amejua dada, kesho anajua mama mkwe, na sisi tunaojua tangu Jumatatu tunamtazama mume akinywa chai hajui kitu. Kila anayeambiwa anaifanya habari iwe nyingine. Ni kama taarifa ya msiba inavyopanda mlima kutoka nyumba hadi nyumba. Anayelia kwanza na anayenyamaza wanakuonyesha ukoo mzima ulivyo.

Kuna urudiaji wa hovyo pia, sikatai. Tamthilia za Kituruki kwao huonyeshwa mara moja kwa wiki, sehemu moja ikipita saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Kwa hiyo ile sehemu inayoisha mtu akiwa bado anashuka ngazi, bila kishindo chochote, mara nyingi haikuandikwa iishe hapo. Na baadhi ya tamthilia zetu za sasa zina tabia inayonikera: badala ya mtu kusimulia, wanaturudishia picha ileile ya juzi, imetiwa weupe na muziki. Picha ileile haina aliyeguswa upya. Waandishi wetu, mpeni mtu mdomo. Mwekeni shangazi jikoni amwambie jirani, jirani aache kumenya ndizi.

Mkondo wa dunia unakwenda kwingine. Februari 2013 Netflix iliachia sehemu zote 13 za tamthilia moja kwa siku moja, na tangu hapo waandishi wengi huandika wakijua mtazamaji ametazama sehemu iliyopita dakika tatu zilizopita. Kitu hakisemwi mara mbili. Ni kazi nzuri, nyingine nazipenda sana. Binamu yangu hujaza flashi pale Mwanjelwa na tunakesha nazo. Alimpelekea mama mdogo msimu mmoja uliotafsiriwa. Sehemu ya kwanza alifurahi. Ya pili alitoka kumkamua ng'ombe, aliporudi kila mtu alikuwa amebadilisha upande na hakuna aliyesema kwa nini. Akaomba nimwekee taarifa ya habari.

Jioni ya mwisho kabla sijapanda kurudi Mbeya, tulikuwa tumefika penyewe. Msichana ameipata ile barua, ameketi kitandani, kidole kimeshaingia kwenye bahasha. Radi ikapiga upande wa Rungwe, nyumba ikawa giza. Mimi nikasonya. Mama mdogo akapapasa kiberiti, akawasha mshumaa, akaanza kukusanya sahani.

"Kesho atamwambia dada yake," akasema.

Kesho yake saa tatu usiku akanipigia. Alikuwa amemwambia dada yake.