Tuihamishe njia, tuache kuijaza viroba

Mvua ya usiku ule ilikatika kama saa kumi na moja alfajiri. Nikatoka na tochi ya simu niteremke stendi. Mguu ukatafuta ngazi ya saba, ukaikosa. Ya sita ilikuwepo, ya nane ilikuwepo. Hapo katikati palikuwa na shimo la kufika magotini. Viroba vya mchanga tulivyovipanga mwezi wa tatu vilikuwa vimepasuka na kulala chini kabisa mtaroni. Nyuma yangu jirani alikuwa anakuja na beseni la dagaa kichwani. Nikamwambia, "Dada, simama hapo hapo, njia imekwenda." Akalitua beseni, akamulika, akasema neno moja tu: "Tena?"

Hilo "tena" limenikaa kichwani wiki nzima.

Sisi tunaoishi vilimani hapa Mwanza, iwe Igogo, Mabatini, Bugarika au Isamilo, tunajua maana ya njia ya miguu. Bodaboda inakuacha chini. Kuanzia hapo, gunia la mkaa linapanda begani, tofali zinapanda kichwani, mtungi wa gesi unapanda mkononi kwa kupumzika mara tano. Mgonjwa akizidiwa usiku anateremshwa kwa shuka na vijana wanne, na jeneza nalo linapita hapo hapo. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa ni kichochoro. Hiyo ndiyo barabara yetu kuu.

Kila ikibomoka tunasema ni mvua za siku hizi. Mimi nimefika mahali sikubali tena. Mvua za vuli na za masika zinakuja kila mwaka, na hata zikizidi, zinachobomoa ni njia iliyokaa pabaya. Njia yetu inashuka wima, kutoka jabali la juu mpaka mtaro wa chini, kama alivyopita mtu wa kwanza wakati huko juu kulikuwa na nyumba tano. Aliona ndiyo fupi. Na maji nayo yanatafuta ile ile iliyo fupi. Tumewapa maji na watu njia moja, halafu tunashangaa kwa nini maji yanashinda.

Udongo wenyewe haushikani. Huku juu karibu na mawe ni ule wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni. Ukiushika mkononi unachuruzika kama sukari. Nyasi zake zikitoka kwa kukanyagwa, kinachobaki kuuzuia ni mawe tu. Ndiyo maana kila msimu mawe yanaonekana yameongezeka kwenye njia. Hayajaongezeka, udongo uliokuwa umeyafunika umekwenda zake ziwani.

Halafu kuna mabati yetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, ikipigwa na mvua ya milimita 50, inamwaga lita 3,000, yaani simtanki tatu za lita elfu moja. Kwenye njia yetu zinamwaga nyumba kama thelathini. Hizo ni lita 90,000 kwa mvua moja, na sehemu kubwa inaingia kwenye ujia wenye upana wa mita moja na nusu. Kiroba cha mchanga kitasimama vipi hapo? Hata zege lenyewe. Mwaka juzi tulichanga tukamwaga ngazi za zege, nzuri kabisa, na maji yakapita pembeni, yakachimba chini ya ngazi mpaka zikabaki zinaning'inia. Ngazi ya saba ilikuwa mojawapo ya hizo.

Nikaanza kusoma wanavyofanya watu ambao kazi yao ni njia za milimani, wale wanaotengeneza njia za wapanda milima wa mapumziko. Nilikuta jambo lililonitia moyo. Huko Marekani kuna njia ya Appalachian, yenye zaidi ya kilomita 3,500, iliyokamilika mwaka 1937. Tangu hapo sehemu yake kubwa imehamishwa, kwa sababu waanzilishi nao walipenda kupanda wima na maji yakawafanyia haya haya. Kimbunga Helene kilipoipiga milima ile mwishoni mwa Septemba 2024, kikiangusha miti na kufagia madaraja, kazi kubwa ya kuifungua iliwaangukia watu wa kujitolea, na palipoharibika sana walitafuta pa kupitisha upya. Hata kwenye nchi za baridi, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, theluji ikiyeyuka, njia iliyonyooka na mteremko inageuka korongo. Nao wanalazimika kuyakata maji kwa matuta ya mshazari ili yatoke pembeni.

Kanuni yao haihitaji mashine. Njia ikae ubavuni mwa kilima, isifuate mteremko. Mpando wake usizidi nusu ya mpando wa kilima chenyewe. Iinamishwe kidogo upande wa bondeni, kama sentimita tano kwa kila mita ya upana, ili maji yaivuke na kuendelea na safari yao badala ya kuigeuza mfereji. Na kila baada ya hatua kadhaa pawekwe mbonyeo, mahali njia inashuka kidogo kisha inapanda, ili maji yaliyokwishaingia yatoke kabla hayajashika kasi. Maji yakishika kasi ndipo yanapoanza kubeba mawe.

Nikamwendea fundi mmoja wa mtaani kwetu, mzee aliyejenga nusu ya misingi ya huku juu. Nilimkuta anachonga jiwe. "Mwangaluka, mzee." Akaitikia, akasikiliza, hakucheka. Akasema, "Hiyo si kazi ya kompyuta. Leta kamba na mpira wa maji."

Mpira wa maji ni ule ule mafundi wanaosawazishia msingi, mweupe, unaoonyesha maji ndani. Yeye alisimama na ncha moja. Mimi nikaondoka na kamba ya mita 10 kuelekea ubavuni, nikipanda na kushuka huku naangalia ncha yangu, natafuta mahali ambapo ardhi niliyosimama iko mita moja na nusu chini ya aliposimama yeye. Nikipapata, kigingi. Kisha yeye anakuja pale, mimi naendelea. Nilichojifunza ni kwamba jicho linadanganya sana. Mahali nilipoapa kuwa tambarare mpira ulionyesha tumeshashuka karibu mita, na palipoonekana pakali palikuwa sawa tu. Jumamosi mbili tulifanya hivyo, na watoto wakitubebea vigingi.

Hesabu ilitoka hivi. Njia ya zamani inashuka mita 18 ndani ya mita 45 za mwendo. Hiyo ni mita 40 kwa kila 100, ndiyo maana wazee wanaishuka kwa kushika kuta za watu. Njia mpya, kwa mita 15 kwa kila 100, itakuwa na urefu wa mita 120 na kona mbili. Watu wanaposikia mita 120 wanaguna, na siwalaumu. Najua pia kwamba vijana watakata kona kuliko kuzunguka, na kila anayekata kona anachimbia maji mlango mpya. Kwa hiyo kwenye kona lazima tupange mawe makubwa na minyaa, asubuhi ya siku ya kwanza kabisa, kabla mguu haujazoea. Lakini muulize mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, au yule mwenye mimba ya miezi minane, achague kati ya mita 120 za kutembea na 45 za kuparamia. Hawa ndio tunaowatengenezea njia.

Mawe tunayo, hilo ni jambo la mwisho kutupungukia Mwanza. Mafundi wa kuyapanga wapo, maana vipo vilima hapa mjini vyenye barabara za mawe zilizopangwa kwa mkono, na kina mama wanaponda kokoto kila siku. Ninachoomba ni kwamba walipwe. Kujitolea kwetu kutoshe kwa kuchimba na kubeba. Jiwe la ngazi lipangwe na mtu anayejua, na apewe ujira wake.

Ugumu wenyewe ni ardhi. Wakati viwanja vya huku vinapimwa, njia ilichorwa pale ilipokuwa siku ile. Leo kwenye karatasi njia ya umma ni korongo, na pale inapopaswa kupita ni uani kwa mtu. Nilipokwenda kuuliza ofisini namna ya kuibadilisha nikaambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa tena nirudi. Wenzetu wa mwaloni mwaka 2020, ziwa lilipojaa na kuvuka kiwango chake cha 1964, walihamisha njia zao bila kungoja, kwa kuwa maji yalikuwa yamesimama juu yake. Sisi maji yetu yanapita na kuondoka, kwa hiyo tunasahau mpaka mvua nyingine. Maoni yangu ni kwamba njia ya mlimani ichukuliwe kuwa kitu kinachoweza kuhama. Mwenye kiwanja akitoa ukanda wa mita moja na nusu, naye apewe ukanda wa ile ya zamani inayopakana naye, tulizibe korongo kwa mawe na kupanda matete, na mabadiliko yaandikwe kwenye mhutasari wa mkutano wa mtaa, kwa muhuri. Asipewe ahadi ya mdomo.

Kwetu anayeguswa ni bibi mmoja mjane. Kigingi cha saba kimeangukia ndani ya minyaa yake, karibu na mpapai. Nilikwenda jioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayenipimia uwanja?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya mpira wa maji. Akatoka nje na fimbo yake, akatembea taratibu kutoka kigingi cha sita hadi cha nane, akarudi. Alisema mteremko ule anauweza. Kisha akataka mambo mawili: mpapai usikatwe, na karatasi yenye muhuri aione yeye mwenyewe kabla jembe halijagusa minyaa yake. Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne, na hilo la karatasi nitalisimamia mimi.